Turubai Jeupe Juu ya Keria

Watu wengi wa Arusha wanalijua gari langu kabla ya kunijua mimi. Nakodisha maturubai, viti na masufuria makubwa, na ofisi yangu iko Sokon One. Gari lenyewe ni la kijivu, refu, na lina keria ya chuma juu ya paa, iliyochomelewa na fundi wa Kwa Mrombo ili ibebe nguzo za maturubai bila kulalamika. Ubatizo, kipaimara, harusi, msiba, kote nafika. Ila siku hizi harusi zimehamia ukumbini, kwa hiyo ukiliona gari langu limepakia hadi juu, mara nyingi kuna mtu kafa mahali. Hilo nilikuwa nalijua vizuri. Siku tuliyokwenda kuchukua mitumbwi ya mdogo wangu lilinitoka kichwani kabisa.

Mdogo wangu alikuwa mwongoza wageni mlimani. Amepanda Meru mara nyingi kuliko mimi nilivyopanda ngazi za benki. Kisha goti likamharibikia kwenye mteremko, akashushwa kwa machela, na daktari akamwambia milima basi. Akarudi kwa mama, akakaa barazani misimu miwili ya mvua akiutazama mlima uleule, ukifunikwa na kufunuliwa na mawingu. Aliongea kidogo, akala kidogo. Mimi nina domo na hasira za karibu, nilimgombeza kila nilipokwenda, na kila nilipoondoka nililia ndani ya gari.

Ndipo akapata wazo la kayaki. Shamba moja la mboga kule Nduruma lilikuwa na bwawa la kumwagilia, na mwenye shamba alikuwa na kayaki tatu, yaani mitumbwi ya plastiki ya kukalia mtu mmoja mmoja, ambazo familia yake ilizichezea siku za mapumziko. Mdogo wangu alipokuwa anapeleka wageni pale, alijifunza kuogelea na kupiga kasia. Sasa mwenye shamba anahama, kayaki hazitaki. Mdogo wangu akapata nafasi ya kuzungusha wageni Ziwa Duluti, mradi aje na vyombo vyake. Kwenye maji, aliniambia, goti halina kazi. Nilimwona uso wake alivyolisema hilo, nikamwambia gari lipo.

Kikwazo kilikuwa mama. Sisi ni watu wa mlimani. Maji tunayoyajua ni ya mfereji, yanakufika kwenye vifundo vya miguu, na zamu ya kumwagilia ikifika unayasukuma kwa jembe. Maji yasiyoonekana chini, kwa mama, ni kaburi lililofunguliwa. Siku mdogo wangu alipolitaja ziwa kwa mbali tu, mama aliweka kikombe chini akasema, "Mlima umekula goti. Unataka ziwa limalizie?" Na mama ana presha. Mvua za mwisho alilazwa, na daktari alituita pembeni sisi wawili, akatuonya kwamba mama asipewe habari za kushtua. Zikiwepo, aambiwe polepole, akiwa amekaa.

Kwa hiyo mdogo wangu akapanga mpango wake. Tungechukua kayaki kimyakimya, angefanya kazi wiki moja ziwani, kisha angemwendea mama akiwa mzima na mkavu, amwambie taratibu. Asubuhi ile mama aliambiwa tu kwamba tunakwenda shambani Nduruma kuangalia kazi. Nilimwambia mpango huo ni wa kitoto. Lakini niliingia garini.

Kupakia kulituchukua asubuhi yote, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa fundi. Mimi nimefunga nguzo na viti miaka yote hii kwa mipira, ile ya tyubu za magari inayochanwa vipande virefu, na sijawahi kuangusha hata kiti. Mdogo wangu akasema mpira unavutika, chombo kitatembea juu ya keria mpaka kitelemke kwa dereva wa nyuma. Alikuja na mikanda bapa, ile yenye kifungo cha chuma cha kubania.

"Dada, hii siyo viti."

"Na wewe siyo wa kunifundisha gari langu."

Mwishowe tulifunga vyote viwili. Kayaki mbili tulizilaza kifudifudi, bavu kwa bavu, na vipande vya godoro kuukuu chini yake. Ya tatu tukaipandisha katikati juu ya hizo mbili. Mikanda ikapita juu ya zote, kamba ya pua ikafungwa mbele kwenye bampa na ya mkia ikafungwa nyuma. Alitikisa mzigo, na gari zima likatikisika nao. Akacheka. Nilikuwa nimesahau kwamba ana pengo dogo upande wa kushoto, maana lilikuwa halijaonekana muda mrefu.

Hapo ndipo akasema tufunike. Barabara ya kutoka Nduruma kupanda barabara kuu ya Moshi inapita mbele ya nyumba ya mama kabisa, na kayaki zile zilikuwa moja ya njano, moja ya chungwa, na moja ya buluu iliyoiva. Hata kipofu angeuliza. Mimi garini nina nini cha kufunikia? Turubai jeupe, safi, lililofuliwa juzi. Tukalitandika juu ya mzigo, tukalikaza pembe zote. Mkia ulitokeza nyuma, na sheria inataka kitambaa chekundu. Chekundu sikuwa nacho. Nilikuwa na utepe mpana wa zambarau, ule tunaopambia, nikafunga fundo zuri, maana nikishika utepe mikono yangu inafunga fundo zuri yenyewe.

Naomba msomaji alitazame gari hilo kama walivyolitazama watu wa barabarani. Mimi nilikuwa ndani, sikuliona.

Mdogo wangu alikaa nyuma, kiti kimelazwa, mguu umenyooshwa, ili goti lipumzike na ili tukipita kwa mama asionekane. Tukaondoka mwendo wa kinyonga, kwa sababu barabara ile ina mashimo na sikutaka mzigo uruke. Kioo changu kilikuwa wazi, vumbi likaniingia machoni, nikawa nafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Tulipofika sehemu iliyosawazishwa nikaongeza mwendo kidogo, na juu yetu kukaanza sauti. Ilianza chini, ikapanda, ikawa kama mtu anayeomboleza amefunika mdomo. Nikashtuka, nikauliza kama goti linamuuma.

"Ni mkanda," akasema. "Upepo unaupiga. Nimesahau kuusokota. Ukiusokota mara moja, unanyamaza."

"Basi shuka uusokote."

"Tukifika, dada. Goti limepata pozi."

Tukaendelea na kilio chetu.

Wa kwanza niliyemwona ni mzee mmoja mchungaji wa ng'ombe, amejifunga lubega. Aliona gari, akasogeza ng'ombe wote kando, akavua kofia, akaishika kifuani. Nikamwambia mdogo wangu, unaona, watu wa huku wana adabu. Mbele kidogo pikipiki iliyokuwa inakuja ikasimama pembeni ikazima injini. Kisha lori la mchanga. Dereva wake hata taa aliwasha, mchana kweupe. Wanawake waliokuwa wanapalilia maharage walinyoosha migongo, mmoja akaketi chini na jembe lake. Na nyuma yetu, kwenye kioo, palikuwa na msururu: bodaboda kadhaa, pikapu, gari dogo jekundu, wote polepole, hakuna anayepiga honi, hakuna anayepita. Miaka yangu yote ya kuendesha Arusha sijawahi kuheshimiwa hivyo. Nilijisikia vizuri sana, nasema ukweli.

Simu ndiyo ilinitoa kwenye raha hiyo. Alikuwa jirani wa mama, mwenyekiti wa umoja wa wanawake wa usharika wao. Simu ya mdogo wangu ilikuwa imezimwa, kwa sababu mama angepiga naye hajui kudanganya. Nikasimamisha gari nikapokea. Hata salamu sikumaliza.

"Pole mwanangu, pole jamani," akasema, huku analia. "Tumesikia. Tuko hapa kwa yeyo, mama yako, tumeshamzunguka. Maji tumeteka. Turubai tumeazima, maana tumejua la kwako limetumika. Wewe endesha polepole, usije ukapata ajali na wewe."

"Mmesikia nini? Nani amekufa?"

Akaanza kunibembeleza kama mgonjwa. Nikasikia nyuma yake sauti za wanawake zinaanza wimbo, na katikati ya wimbo, sauti ya mama ikiita jina la mdogo wangu. Simu ikakatika. Nilipopiga, mtandao haukuwepo.

Nilishuka. Nikazunguka, nikalitazama gari langu kwa mara ya kwanza tangu tulifunge. Jeupe, refu, limevimba mahali pa vifua, utepe wa zambarau nyuma. Nikaelewa yote kwa pamoja. Mama anajua tumekwenda wawili. Watu wameliona gari la misiba linarudi na miili mitatu, dada mtu peke yake kwenye usukani, anafuta machozi, kilio kinasikika mpaka njiani. Baadaye nilikuja kuambiwa hata hao wawili wengine walikuwa wameshapewa maelezo: tangi la dawa lililipuka shambani, na vijana wawili wa kazi walikwenda naye. Mdomo wa njiani hauachi pengo.

Nilichokiona mbele ya macho ni mama, na daktari akisema polepole, akiwa amekaa.

"Tuzitupe hapa," mdogo wangu akasema. Alikuwa ameshafungua mlango. Uso wake ulikuwa wa majivu. "Dada, kata mikanda, tuziache hapahapa barabarani, twende."

Alikuwa anasema kweli. Vile vyombo, ndivyo vilivyomrudishia pengo lake la kushoto, alikuwa tayari kuviacha mtaroni. Lakini kufungua yale mafundo yetu ya ubishi kungechukua muda kuliko njia yenyewe, na kwa mzigo ule na mashimo yale nisingeweza kukimbia. Nikamwambia apande bodaboda, atangulie. Ziko nyuma yetu, zimejaa.

Alishuka akiwa mweupe kwa vumbi la kiti cha nyuma, akachechemea hadi kwa kijana wa kwanza, ambaye alikuwa amevua kofia yake ya pikipiki akaiweka kifuani.

"Nipeleke hapo mbele, nyumba ya mabati ya kijani."

"Pale kwenye msiba?"

"Hapohapo."

"Pole, braza. Nani amefariki kwani?"

"Nasikia ni mimi," mdogo wangu akasema, akapanda.

Kijana yule aligeuka akamtazama, akatazama gari, akatazama tena. Nilidhani ataruka mtaro akimbilie mashambani. Mungu mkubwa, alipiga kiki akaondoka, na nadhani aliondoka kasi ile kwa sababu aliogopa kugeuka nyuma.

Mimi nikafuata. Njia ile naijua tangu nikitumwa chumvi, lakini siku ile haikuisha. Mkanda ulilia juu yangu, na mimi nikausihi unyamaze. Nilimwambia Mungu mambo ambayo siwezi kuyaandika hapa. Nilimwambia pia mama, kwa sauti, peke yangu garini, kwamba akinifia leo sitamsamehe. Nyuma yangu msururu ulikuwa umeongezeka.

Nilipokaribia nilisikia vilio. Hapo sikujua. Vilio vya kufiwa na vilio vya kufufukiwa, ukiwa mbali, havina tofauti. Ua ulikuwa umejaa, benchi za kanisa zimefika, moto umeshawashwa chini ya sufuria, na nikalitambua sufuria, ni langu, lile ninaloliacha kwa mama. Niliacha gari katikati ya barabara, mlango wazi, nikapita kati ya watu kwa viwiko bila kumwamkia mtu, na kwetu hilo ni kosa kubwa.

Mama alikuwa amekaa chini kwenye mkeka, kanga imeanguka mabegani. Mbele yake amekaa mdogo wangu. Mama alikuwa ameshika lile goti bovu kwa mikono miwili, analibonyezabonyeza, kama mtu anayekagua ndizi sokoni. Alikuwa anapumua. Nilitazama kifua chake kikipanda na kushuka, nikakitazama tena, na tena. Ndipo nikakaa palepale kwenye majani, na pumzi niliyokuwa nimeishikilia tangu ile simu ikatoka yote. Sijawahi kushukuru hivyo. Siku nilipojifungua salama sikushukuru hivyo.

Waliniambia mama hakumwamini kwa macho. Vumbi lilikuwa jingi na machozi yalikuwa mengi. Alimtambua kwa hatua, ule mguu mmoja unaokanyaga na ule unaoburutwa. Alisikia mchechemeo langoni akasema, "Nyamazeni. Huyo ni wangu." Kisha alipomfikia, alimchapa kofi la mgongo ambalo mwenyekiti wa umoja wa wanawake anasema lilisikika mpaka jikoni.

Mwinjilisti alikuwa amefika na kitabu chake. Ikabidi aombe, basi aliomba shukrani, na ilikuwa ndefu. Alipomaliza, mama akainuka mwenyewe, akajifunga kanga vizuri, akaenda moja kwa moja kwenye gari.

"Sasa," akasema, "humo kuna nani?"

Mdogo wangu akafungua utepe wa zambarau, mimi nikavuta turubai. Njano, chungwa, buluu. Kisha yule kijana wa bodaboda akaanza kucheka, na kicheko chake kikawafungulia wengine wote. Wanawake walicheka huku wakilia. Mwinjilisti aligeukia ukuta.

Mama hakucheka. Alipiga kayaki ya chini kwa kiganja, ikaitika wazi kama pipa tupu. Akaipiga tena.

"Hii inazama?"

"Haizami, mama. Ukiipindua inarudi juu. Na mimi nitavaa laifu jaketi, koti la kuelea."

"Na ulinificha."

"Nilikuficha, mama. Niliogopa moyo wako."

Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye plastiki. Mimi nilikuwa tayari kumdaka, nimesimama nyuma yake hivi. Lakini alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, ile ya kugawa kazi za nyumbani.

"Leo nimeshakulilia," akasema. "Nimekulilia wewe wote, mpaka mwisho. Sina tena machozi ya ziwa. Kwa hiyo nenda. Lakini nakwenda na wewe nikaone."

Tulikula kwanza, maana chakula cha msiba hakirudishwi. Makande yalikuwa mazuri mno, na yalikuwa yangu mwenyewe kuyala kwa amani, sufuria langu, turubai langu limekunjwa, hakuna aliyekufa. Kisha mdogo wangu akasokota ule mkanda mara moja, kama alivyotakiwa tangu mwanzo. Mama akakaa kiti cha mbele. Mzigo haukufunikwa. Njiani watu, badala ya kutuvulia kofia, sasa walitupungia, na gari halikulia tena.

Ziwa Duluti limezungukwa na miti mpaka kwenye maji. Tuliteremsha ile ya njano. Mama akaitazama ikielea, akasema ifungwe. Mdogo wangu hakubisha. Tuliunganisha mikanda yote ya keria, mmoja baada ya mwingine, tukafunga mwisho mmoja kwenye mkia wa kayaki, na mwisho wa pili mama akauzungushia mkononi, kama anavyomshika ndama anayeota pembe.

Mdogo wangu akapiga kasia. Mkanda ukatoka kidogokidogo mkononi mwa mama. Goti halikuonekana, lilikuwa ndani ya chombo, na kwa mara ya kwanza tangu ile machela nikamwona akienda bila kuchechemea. Mama naye aliliona. Alishika mdomo.

Mkanda ukaisha, ukakaza. Kule majini, mdogo wangu akainua kasia, chombo kikasimama. Hakugeuka, hakuomba. Alisubiri tu.

Mama akaufungua mzunguko mmoja mkononi, kisha wa pili. Mkanda ukateleza, ukaingia majini, ukamfuata.

"Mwambie asichelewe," akaniambia. "Yale makande mengine nani atayala?"

Nikapaza sauti kumwambia. Alikuwa ameshafika mbali.